Mabati Thelathini na Nane

Kabla ya kuuliza habari za macho ya Obadiah, stesheni masta aliuliza nyumba itakuwa tupu lini. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa sauti ya chini, akimtazama Dinah badala ya mumewe, kwa sababu Obadiah alikuwa ameketi amegeukia upande ambao haukuwa na mtu. Kijana aliyeajiriwa kushika nafasi ya Obadiah alikuwa akiingojea nyumba hiyo ya landhi, makazi ya wafanyakazi wa reli, na kwa sasa alikuwa akilala kwa ndugu yake, watu saba katika chumba kimoja. Dinah alijibu kwamba mwisho wa mwezi watakuwa wameondoka. Kisha akamshika mumewe kidole, akakiweka kwenye mstari wa karatasi, na Obadiah akaandika jina lake, polepole, likapanda juu kama mtu anayepanda mlima.

Hiyo ilikuwa Februari ya mwaka 1956. Kwa miaka kumi na tisa Obadiah Mwandawiro alikuwa amefanya kazi ya kugeuza njia za reli hapo stesheni ya Voi. Miezi minane ya mwisho, giza likiingia, hakuweza tena kupambanua taa nyekundu na taa ya kijani. Alikuwa akimwuliza mwenzake Munyao, kimzaha, kama mtu anayepitisha wakati, na Munyao alikuwa akimjibu bila kuuliza kitu. Munyao alipokwenda likizo kwao Kitui, Obadiah alienda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema. Hakuna gari lililopotea njia, hakuna mtu aliyeumia. Daktari alimmulika macho yote mawili, akasema ni mishipa, na kwamba kile kidogo anachoona sasa kitazidi kupungua.

Dinah aliyajua hayo siku ileile walipoyajua wakubwa wa kazi. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, lakini hakulisema, maana kulikuwa na mambo mengine ya kusema. Kiinua mgongo kilikuwa shilingi mia tatu na kumi. Kitabu cha posta kilikuwa na arobaini na sita. Na deni la nyumba lilikuwa mia sita na arobaini.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mwanda, juu milimani, kwenye shamba alilorithi Obadiah kwa baba yake. Msingi wake ulikuwa wa mawe na saruji, vyumba vinne, na kuta za matofali ya udongo yasiyochomwa, ambayo Obadiah aliyafyatua mwenyewe likizo baada ya likizo. Haikuwa na milango bado, wala lipu. Lakini Desemba iliyopita waliiezeka mabati arobaini, na mama yake Obadiah, Mama Tryphena, akahamia chumba cha upande wa jua pamoja na kitanda chake na sanduku lake. Mabati, mbao na saruji vilitoka kwa Silvanus, kwa mkopo, vilipwe kidogo kidogo kila mwezi kutoka kwenye mshahara.

*

Silvanus alikuja Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mtu wa Mwanda vilevile, mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Voi na lori moja la kubebea mboga kutoka milimani. Alivua kofia mlangoni. Dinah alimkaribisha chakula, akakataa kwa adabu, akakubali chai. Alizungumza kwanza habari za macho, akaeleza dawa za majani alizosikia, akaomba Mungu, na sala yake ilikuwa ndefu na ya kweli. Ndipo akatoa daftari mfukoni na kuliweka mezani bila kulifungua.

Alieleza kwamba yeye mwenyewe anadaiwa. Tajiri wa Mombasa anayempa mali humpa siku tisini tu, na siku zile zimepita mara mbili. Akinyang'anywa lori lake kwa deni hilo, basi hata mboga za watu wa Mwanda zitaozea shambani. Alisema hayo akitazama kikombe, na Dinah aliona kwamba mtu huyu hakulala vizuri siku nyingi.

"Ndugu Obadiah," alisema Silvanus, "sikuja kukunyang'anya. Ungekuwa kazini ningengoja hata miaka mitatu. Lakini sasa niambie, nangoja nini?"

 Obadiah akasema kwamba atalipa, na kwamba Silvanus anamjua, hajawahi kumdanganya mtu. Silvanus akakubali kwamba hajawahi. Akataka kiinua mgongo chote sasa, na kilichobaki kabla ya mwisho wa Machi. La sivyo atayachukua mabati, au waende mbele ya chifu. Alipoinuka alimshika Obadiah bega, akasema lori lake litawahamisha vyombo bure, popote watakapoamua kwenda. Dinah alimsindikiza mpaka mwisho wa landhi. Wanawake waliokuwa wakisukana vibarazani walimwamkia Silvanus kwa heshima, kisha wakamwamkia yeye kwa sauti nyingine.

*

Dinah ndiye aliyefikiria benki. Alikuwa amesoma misheni mpaka darasa la nne, na alikuwa amesikia kwamba wenye maduka hukopa benki na kulipa polepole. Obadiah alikuwa na tiketi moja ya kusafiri aliyopewa kama mtu anayeacha kazi, yeye na mkewe, kwenda na kurudi. Badala ya kuiweka, waliitumia kwenda Mombasa. Dinah aliazima viatu kwa jirani. Vilimbana, na kutoka stesheni mpaka mlango wa benki alitembea akifikiria vidole vyake.

Tarishi wa mlangoni aliwauliza wametumwa na nani. Dinah alipomwambia hawakutumwa, aliwaonyesha benchi. Waliketi hapo mpaka saa sita ikakaribia. Watu walioingia nyuma yao walihudumiwa wakatoka. Mwishowe karani mmoja, kijana aliyevaa tai, aliwaita mezani na kuchukua kalamu. Alizungumza Kiswahili kizuri cha pwani, na hakuwadharau. Aliuliza tu yale yaliyoandikwa kwenye fomu yake. Wana akaunti hapo? Hawana. Mshahara ni kiasi gani? Umekwisha. Kuna mtu mwenye mali atakayewadhamini? Dinah alimtaja Silvanus, kisha akakumbuka kwamba ndiye anayewadai.

Karani aliuliza hati ya ardhi. Obadiah alijiweka sawa kwenye kiti. Alisema shamba ni la baba yake, na la babu yake kabla ya baba, linaanzia kwenye kijito mpaka kwenye mawe matatu.

"Karatasi yake iko wapi?" aliuliza karani.

"Kila mtu Mwanda anaujua mpaka ule."

"Mzee wangu, benki si mtu wa Mwanda."

Hakusema kwa kejeli. Alifunga fomu, akaeleza kwamba hata kama meneja angetaka, hakuna cha kushikilia, na akawashauri waweke akiba posta. Obadiah alimshukuru. Alisimama na kunyoosha mkono juu ya meza kumuaga, lakini karani alikuwa tayari ameitwa upande wa pili na ameondoka. Mkono ule ulibaki umenyooshwa. Watu wawili kwenye foleni walitazama, wakageuza nyuso. Dinah aliupokea ule mkono yeye mwenyewe, akautikisa kidogo, kisha akamwongoza mumewe nje. Hakujua kama Obadiah alidhani ni mkono wa karani. Mpaka Voi hakumwuliza, naye hakusema.

*

Kulikuwa na mahali pa kukaa hapo Voi. Mama mmoja Mkamba, Ndunge, alikuwa na vyumba vya kupangisha karibu na soko, na alikubali kuwapa kimoja kwa shilingi ishirini kwa mwezi. Obadiah alikitaka chumba hicho. Alikuwa ameyapanga yote kichwani: watampa Silvanus kiinua mgongo, watamwomba chifu awasaidie kupata muda, Dinah atakaanga mandazi sokoni, yeye atajifunza kusuka viti, maana kusuka ni kazi ya vidole. Nyumba itabaki kama ilivyo. Alisema hayo jioni wakiwa wanafunga vyombo, akikunja blanketi lilelile mara ya tatu.

Dinah alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia alivyohesabu. Mandazi, ikiwa ni soko zuri, yatampa shilingi thelathini kwa mwezi. Ishirini ni za Ndunge. Unga, kuni na mafuta ya taa vitakula kumi zilizobaki na zaidi. Binti yao Susan alikuwa shule ya bweni na karo ya muhula ujao haijalipwa. Kwa Silvanus hakitaenda kitu, na mwisho wa Machi atakuja kwa mabati yale yale, pamoja na gharama za baraza la chifu.

"Tumrudishie mabati sasa," alisema Dinah. "Kabla hajaja kuyachukua mbele ya watu."

"Unajua unasema nini?"

"Najua."

"Kuta zile ni udongo, Dinah. Mvua ziko mlangoni."

"Tutaezeka nyasi. Watu wameezeka nyasi miaka yote."

Obadiah aliliweka chini blanketi. Alisema kwa miaka kumi na tisa amelala katika nyumba ya watu, chumba chenye namba mlangoni, na kila treni ikipita ukuta unatetemeka. Kitu kimoja tu alichokuwa akikitaka ni kukaa mbele ya nyumba yake mwenyewe na kuitazama. Alikuwa akijua kwamba macho yanakwenda. Ndiyo maana alichukua mabati yote kwa mkopo badala ya kungoja. Alitaka aione imekwisha.

Dinah hakuwa amelijua hilo. Hasira aliyokuwa ameibeba kwa mwezi mzima, ya kufichwa, haikumtoka. Ila sasa ilikaa pamoja na kitu kingine ambacho hakuweza kukisema. Aliketi karibu naye juu ya godoro lililofungwa kamba. Alimwambia kwamba ameiona, Krismasi ile, na aliiona vizuri. Obadiah akasema ndiyo, aliiona. Kisha akasema Dinah aende kwa Silvanus peke yake. Yeye asingeweza kulitamka jambo lile kwa mdomo wake.

*

Walipanda Mwanda katika lori la Silvanus, juu ya vyombo vyao wenyewe, na ngazi mbili za mafundi zikiwa chini ya miguu yao. Lori liliwaacha barabarani, na kutoka hapo vitu vikabebwa kichwani kwenye njia ya kupanda. Mama Tryphena alikuwa ameshasikia. Habari ilikuwa imetangulia na wauza mboga. Alimpokea mwanawe kwa kumshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kushoto na kulia kama anayetafuta mahali palipoharibika. Dinah alipoanza kueleza habari za mabati, mkwewe alimkatiza.

"Nimelala chini ya nyasi miaka sitini," alisema. "Mabati yana kelele."

Akaingia chumbani kwake na kutoa sanduku lake mwenyewe, asimruhusu mtu kumsaidia. Baadaye Dinah alimwona nyuma ya nyumba. Alikuwa amepanga madebe manne na chungu chini ya ukingo wa paa, tayari kwa mvua, ili asiteremke tena kijitoni. Alikuwa akiyaondoa moja moja, akiyarudisha kwenye kibanda cha nyasi cha jikoni, ambako alilala zamani na sasa angerudi kulala.

Kazi ilianza asubuhi iliyofuata. Mafundi wawili walipanda juu na nyundo za kung'olea misumari. Obadiah alishika ngazi. Hakuna aliyemwambia aishike, na hakuna aliyethubutu kumwambia aiache. Kila bati lilipoteremshwa lilipita mikononi mwake, akalipapasa mkunjo kwa mkunjo, akataja namba yake kwa sauti, kisha akalitoa. Chini, mtu wa Silvanus aliliinua kuelekea jua na kutazama matundu ya misumari. Bati jipya dukani lilikuwa shilingi kumi na mbili. Haya Silvanus alikuwa ameyahesabu kwa tano, kwa sababu, alivyosema, hakuna mtu anunuaye bati lililotobolewa kwa bei ya bati jipya. Yalikuwa yamekaa juu miezi mitatu tu.

Majirani walikuja wakasimama kwenye mpaka. Wengine walisaidia kubeba. Mzee mmoja aliyewahi kumsifu Obadiah kanisani kwa nyumba ile alikaa kidogo, akaondoka bila kuaga. Mabati mawili yalipindwa na nyundo yakakataliwa. Dinah alimwambia mtu wa Silvanus kwamba yaliyopinda yamepindwa na mafundi wake, hivyo ayahesabu. Mtu yule akasema hana amri hiyo. Walibishana juu ya shilingi kumi, pale uani, mbele ya watu wote, mpaka Obadiah akasema kutoka kwenye ngazi:

"Thelathini na nane. Mwache aende, Mama Susan."

Mtu wa Silvanus aliandika thelathini na nane. Shilingi mia na tisini. Dinah alikuwa amekwishatoa zile mia tatu na kumi Voi. Zilibaki mia na arobaini, na Silvanus alikuwa amekubali kuzingoja zilipwe kwa mboga. Wanaume kumi na wanne waliyabeba mabati mpaka barabarani, wakienda na kurudi, na kwa muda mrefu yaliendelea kung'aa kwenye njia ya mlimani. Ndani ya nyumba jua liliingia vyumba vyote vinne kwa pamoja.

*

Nyasi za kuezekea ndizo walizozikosa. Mwaka ule ukame ulikuwa umekula bonde lote, na mafungu yaliyopatikana yalitoka mbali, kwa fedha. Dinah alitumia zile za kitabu cha posta mpaka akafika mahali ambapo angegusa karo ya Susan, akasimama hapo. Waliezeka vyumba viwili. Juu ya chumba cha tatu walitandika majani ya migomba. Chumba cha Mama Tryphena kilibaki wazi, na yale mabati mawili yaliyopinda yakaegemezwa juu ya ukuta wake kwa mawe, yafunike kinachoweza kufunikwa.

Mvua zilianza wiki ya mwisho ya Machi, na hazikuanza kidogo kidogo. Siku ya tano, alasiri, wote watatu walikuwa jikoni wakimenya maharagwe waliposikia kishindo kizito kisicho na mlio, kama gunia la mahindi linapobwagwa. Obadiah aliinua kichwa.

"Upande gani?" aliuliza.

Dinah alitazama kutoka mlangoni. Angeweza kusema ni ukingo wa shamba la jirani. Alilifikiria hilo kwa muda wa pumzi moja.

"Upande wa jua," alisema. "Chumba cha mama."

Obadiah alitoka katika mvua, na Dinah akamfuata. Aliufikia ukuta uliobaki, akaanza kuupapasa tangu kwenye kona, na udongo ukamjia mikononi kama uji. Alisimama pale akiwa ameushika, maji yakimshuka shingoni. Dinah alingoja aseme juu ya Silvanus, au juu yake, kwamba shauri hili lilikuwa lake. Alikuwa amejiandaa kulipokea.

"Ulikuwa sawa," alisema Obadiah. "Angeyachukua tu." Halafu akalia, bila kujificha, na Mama Tryphena aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akarudi ndani na kuendelea na maharagwe, kwa sababu hakuna mama anayetaka mwanawe ajue kwamba ameonekana.

Ukuta ule ulivuta mwingine, na kufikia Mei zote zilikuwa chini, hata za vyumba vilivyoezekwa. Walilala jikoni, watu watatu, na wanne Susan alipofunga shule. Dinah alilima matuta ya juu na ya chini ya shamba, akashusha mboga barabarani mara mbili kwa wiki, na kila mwisho wa mwezi Silvanus aliandika kwenye daftari: sita, nne, tisa, mwezi mmoja shilingi moja na nusu. Mama Tryphena alifariki Agosti ya mwaka uliofuata, chini ya nyasi. Katika matanga yake Silvanus alileta gunia la mchele na hakuliandika.

Udongo wa zile kuta ulikuwa umelala ndani ya msingi, mwingi, laini, na saruji ilikuwa ikiuzuia usichukuliwe na maji. Dinah aliutazama msimu mzima kabla hajathubutu. Kisha akamwambia mumewe kwamba anafikiria kupanda kabichi humo.  Asubuhi yake Obadiah alimwomba jembe. Kabichi hizo ndizo zilizomaliza deni, Juni ya mwaka 1958, na kubwa kuliko zote zilitoka chumba cha upande wa jua. Kwenda kijitoni, kwenda kanisani, hata kwenda chooni, Obadiah kwa wakati huo alikuwa akiongozwa. Lakini kila jiwe la msingi ule alikuwa ameliweka mwenyewe. Aliingia pale palipokusudiwa mlango, akapita sebuleni akipalilia kwa vidole, akageuka kushoto kwenda kwa mama yake, kisha akarudi mpaka chumba chao yeye na Dinah. Na humo hakuhitaji kushikwa mkono.